Waliomba Feni, Wakapewa Kiti

Makalio ya Bi Springi yalikuwa na cheo. Cheka, ukimaliza tuendelee.

Kwenye karakana ya masofa anakofanya kazi, kiti kilikuwa hakitoki mlangoni mpaka yeye akikalie kwanza. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ilianza yenyewe zile siku zake za mwanzo kama fundi, karakana ikiwa banda la mabati lenye paa linalovuja, kwa sababu yeye ndiye aliyefunga springi, na yeye ndiye aliyejua zimekaaje humo ndani. Sofa ikishavalishwa kitambaa, kazi inasimama. Fundi wa mbao anaweka randa chini. Washonaji wanatoa mguu kwenye cherehani. Bi Springi anajikung'uta vumbi la sponji, anakaa katikati, anasogea kushoto, anasogea kulia, anarudi katikati na kujiachia kwa uzito wote aliojaliwa, ambao si haba. Halafu anainuka, anakipiga kiti kofi na kutamka neno moja.

"Kimelala."

Mzigo unaondoka. Lakini akisema "Kirudi," mnafumua, na hakuna anayebisha, maana wote wanajua kwamba kiti kibovu kikifika kwa mteja kitarudi tu, na kitarudi na matusi.

Aliingia pale kama mfagiaji, mwaka ule mumewe aliposafiri kwa wiki moja. Wiki hiyo bado haijaisha. Binti yao ameshamaliza shule. Alikuwa anafagia vipande vya kamba huku anatazama mikono ya fundi wa zamani, na siku fundi yule alipoumwa mgongo, Bi Springi aliinama akaendelea alipoachia. Hakuomba ruhusa. Hakuna aliyemkataza pia.

Sasa usiniambie kukaa kwenye sofa ni jambo dogo. Kwa siku nzima mwanamke huyu ni mtu wa kupiga magoti sakafuni, sindano ndefu mkononi, pua imejaa nyuzi. Kwenye basi anasukumwa. Dukani anaambiwa "subiri mama". Halafu inafika ile dakika ambayo watu wote wanaacha wanachofanya na kumwangalia yeye, wakisubiri neno lake. Ukimwona akirudi nyumbani siku ambayo ametoka kusema "Kimelala" ungedhani ameongezwa urefu. Binti yake alikuwa anajua bila kuuliza, kwa namna tu mlango unavyofunguliwa.

Ndiyo maana alichofanya Bosi kinanipandisha hasira mpaka leo.

Ilianza na feni. Karakana ile ina vumbi la sponji ambalo halionekani mpaka jua lipenye kwenye tundu la bati, hapo ndipo unaona unachovuta. Ongeza gundi. Fundi wa mbao, anayeitwa Randa na anayetania hata msibani, alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Wakakubaliana waombe feni ile kubwa ya ukutani inayotoa hewa chafu nje. Bi Springi akatumwa akaseme, kwa sababu ndiye mwenye neno.

"Nimewasikia, mama yangu," Bosi akasema. "Nimewasikia kabisa. Kuna kitu kizuri nawaandalia."

Bosi alikuwa ametoka kwenye semina. Wajua zile semina: ukumbi wa hoteli, kikapu cha peremende mezani, mtu amevaa suti ya kubana anawafundisha wenye mali jinsi ya kuwapa watu ari bila kuwapa kitu. Jumatatu akawakusanya, ana fremu ya picha mkononi.

"Kuanzia wiki hii," akasema, "yule mtindo wetu wa kukalia kiti kwanza, tunauboresha. Nimeona jinsi mnavyoupenda. Sasa kila Jumamosi nitamchagua mtu mmoja aliyefanya vizuri kuliko wote. Huyo ndiye atakayekaa. Tunampiga picha, picha ukutani, picha mtandaoni. Mkaaji wa Wiki!"

Watu wakapiga makofi. Walipiga kweli! Randa akauliza, "Na feni, bosi?"

"Tuanze na hili."

Waliomba feni, wakapewa kiti. Na kiti chenyewe kilikuwa chao tangu zamani.

Jumamosi ya kwanza alichaguliwa Chapuchapu. Huyu ni dada mdogo mwenye mikono ya haraka ajabu, mshonaji aliyefundishwa kufunga springi na Bi Springi mwenyewe, na aliyekuwa akimwita Shangazi ingawa hawana hata tone la udugu. Chapuchapu akakaa kwenye ncha ya kiti, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri sindano hospitalini. Bosi akapiga picha. Chapuchapu akainuka. Hakuna aliyekipiga kiti kofi, hakuna aliyesema neno. Kikabebwa hivyo hivyo.

Bi Springi alikuwa amesimama karibu na pipa la gundi. Alitabasamu. Usiku ule alifungua mlango wake taratibu kama mgeni.

Jumamosi iliyofuata, Chapuchapu. Iliyofuata, Chapuchapu tena, na Bosi akasema mbele ya wote, "Mnaona? Damu changa! Wazee, mtaachwa." Alikuwa anacheka. Bi Springi akacheka pia, halafu akarudi sakafuni akajichoma sindano kwenye kidole, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu ujana.

Akaanza kupungua. Sisemi kilo. Namna anavyosimama. Akawa anaongea huku anatazama chini, akisema anaanza na "samahani". Mwenye duka akimwambia "subiri mama", anasubiri hata kama hakuna mtu mwingine. Binti yake akaona, akamletea dawa ya kizazi chake: simu.

"Mama, msikilize huyu kaka. Ana wafuasi kibao."

Kwenye kioo cha simu, kijana anapiga kelele: thamani yako iko ndani yako, usingoje mtu akupe, amka asubuhi jiangalie kwenye kioo ujiambie mimi ni bora!

"Nimwambie nani?" Bi Springi akauliza.

"Wewe mwenyewe, mama. Kwenye kioo."

"Mimi mwenyewe najijua. Nikijiambia mimi ni bora, nitajiuliza umeona wapi."

"Mama, shida yako hujithamini."

"Shida yangu hawanipi kiti."

Binti akazungusha macho. Kwa maoni yangu, mama alikuwa ameshinda mjadala, na yule kijana wa kwenye simu alipaswa kurudisha wafuasi wa watu.

Maana uongo huu umetuchosha. Eti kujithamini ni uji, unajipikia mwenyewe jikoni kwako, ukikosa basi mvivu. Sivyo! Wapo wataalamu wa akili wanaosema kujithamini ni kama mshale wa mafuta kwenye gari. Mshale hauyatengenezi mafuta, unakuonyesha yaliyopo, yaani wenzako wamekukubali kiasi gani, na je, wakigawana utakumbukwa? Fikiria wazee wetu wa zamani sana, kabla ya nyumba na kabla ya jembe, kikundi kidogo porini, kila mtu anamjua kila mtu. Ukitengwa, hakuna wa kukugawia nyama, hakuna wa kukesha wewe ukilala. Simba wa nyikani hakuulizi kama unajiamini. Waliokuwa hawajali wenzao wanawaonaje, wengi wao hawakuacha watoto. Waliobaki ni wale waliokosa usingizi wakijiuliza, "Mbona leo hajanisalimia?" Sisi sote ni wajukuu wa wenye wasiwasi.

Kwa hiyo mama huyu alipovunjika hakuwa dhaifu. Mshale wake ulikuwa unafanya kazi. Ulimwambia: wanakutoa kwenye kundi, kaa chonjo. Kumwambia asemeshe kioo ni kumwambia dereva aushike mshale kwa kidole na kuusukuma juu.

Na hapa ndipo ninapotaka kumshika Bosi shati. Heshima ya zamani ya Bi Springi ilitoka kwa wenzake, kwa sababu kukaa kwake kuliwasaidia. Walimwangalia kwa hiari. Bosi akaichukua heshima ile, akaitia mfukoni mwake, akaanza kuitoa kidogo kidogo kama mtu anayerushia kuku punje. Umewahi kuona kuku wageni wakiwekwa banda moja? Watadonoana mpaka ijulikane nani anakula kwanza. Mwenye banda hahitaji kumdonoa hata mmoja.

Wakadonoana basi. Bunduki ya pini, ile ya kupigilia kitambaa, ikawa inafichwa. Randa alikuwa anamkatia kila mtu mbao safi. Sasa zile zenye macho na nyufa zikawa zinakwenda kwa Chapuchapu. Washonaji walinyamaza Bi Springi alipopita, na wakanyamaza zaidi alipopita Chapuchapu. Watu waliokuwa wanakula chakula cha mchana kwenye benchi moja wakaanza kula kila mtu kona yake, amegeuzia ukuta uso.

Kibaya zaidi, Bi Springi akaacha kusema. Aliona Chapuchapu anafunga fundo la kwanza kwa haraka mno, akatazama pembeni. Zamani angesema, "Wee mtoto, hiyo kamba unaibembeleza au unaifunga?" Na Chapuchapu angejibu, "Naibembeleza, Shangazi, imechoka kama wewe." Sasa kimya.

Na usifikiri huyo binti alikuwa anakula raha. Ukutani picha zake zilikuwa safu nzima, na kila moja anaonekana ameisha zaidi kuliko ya kabla yake. Alikuwa anafika kabla ya mlinzi kufungua geti. Hakuna aliyebaki wa kumwambia kazi yake ni nzuri ila Bosi, na Bosi hajui springi, anajua picha.

Ikaja sofa ya daktari wa meno. Kubwa, ya ukumbi wa wagonjwa, ngozi ya rangi ya kahawa, Chapuchapu ameifanya yote peke yake. Bosi akatangaza kwamba Jumamosi hiyo daktari atakuwepo, na mambo yataonyeshwa mtandaoni moja kwa moja.

Ijumaa mchana wenzake walipotoka kula, Bi Springi alibaki. Sofa ilikuwa imelazwa kifudifudi, tumbo wazi, bado haijapigiliwa kile kitambaa cheusi cha chini. Akapiga magoti kama anavyopiga kila siku. Akapitisha kisu kati ya mikanda inayobeba springi, akaigusa kamba ya katikati, ile inayoshika springi zote zisiinamiane. Ilikuwa imefungwa vizuri. Hilo ndilo lililomuuma: ilikuwa imefungwa kama angeifunga yeye.

Akaikata. Akakata na ya pembeni yake. Halafu akachukua kitambaa cheusi, akakipigilia mwenyewe, pini moja moja, safi kabisa.

Simtetei. Ninachosema ni kwamba kile kisu kilikuwa na watu wengine wameshika mpini.

Jumamosi wakajipanga. Daktari wa meno, mama mwembamba mwenye haraka, alikuwa anaangalia saa. Bosi amenyoosha simu mbele, anawasalimia watu tusiowaona. Bi Springi amesimama pale pale karibu na pipa la gundi, mikono nyuma. Mpango ulikuwa rahisi. Chapuchapu atakaa, atadidimia, watu wataona.

"Na leo," Bosi akasema, "Mkaaji wa Wiki ni Chapuchapu wetu! Njoo, njoo ukae!"

Chapuchapu hakusogea. Alikuwa anasokota ncha ya aproni yake.

"Bosi, naomba akae Shangazi."

"Nani?"

"Shangazi. Bi Springi." Akamgeukia. "Tangu uache kukaa, Shangazi, sijui viti vyangu kama vimelala. Napigwa picha tu. Hii ni kubwa, naogopa. Kaa wewe, uniambie ukweli."

Bosi akafikiri kidogo, akaona kwenye simu yake mioyo ya watazamaji inapanda, akaipenda. "Waaa! Unyenyekevu huo! Haya, mama yetu, tunakurudishia heshima yako. Karibu kitini!"

Watu wakapiga makofi. Randa akapiga mluzi. "Kaa, Bi mkubwa, kilikuwa kinakusubiri!"

Ule ndio wakati alioulilia jikoni kwake. Wote wanamwangalia. Wote wanasubiri neno. Miguu yake ilimpeleka yenyewe, na akiwa njiani alipiga hesabu zote. Angeweza kukaa kwenye ncha, kama wanavyokaa wa kwenye picha, akasema "Kimelala", mzigo ukaondoka, daktari akaenda kuaibikia huko mbele ya wagonjwa wake. Angeweza kujiachia, akazama, akasema "Kirudi", na yule mtoto akaisha pale pale. Hilo ndilo alilolitaka. Lilikuwa mkononi.

Chapuchapu akamnong'oneza alipompita, "Usinionee huruma, Shangazi. Sema tu."

Akakaa. Katikati. Akajiachia.

Sofa ilitoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa, na Bi Springi akazama mpaka magoti yake yakawa usawa wa kidevu. Mtu akacheka, akajizuia. Daktari akasema, "Ehe! Ndicho nilichoagiza hiki?"

Bosi alishusha simu kwa kasi. "Chapuchapu! Hii ni kazi gani? Mbele ya mteja! Unaniaibisha mtandaoni!"

Chapuchapu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. "Nilifunga. Naapa nilifunga."

"Ulifunga nini? Ulifunga nini, niambie!"

Na Bi Springi, kutoka kule chini alikozama, bila kupanga, kabla hata hajapata pa kushika ainuke, akasema, "Alifunga. Mimi ndiye niliyekata."

Bosi akamgeukia.

"Kwa nini?" Bosi akauliza.

"Kwa sababu ulinichukulia kiti."

"Kiti? Mama mzima? Kwa ajili ya kiti?"

"Kwani wewe ulidhani ulikuwa unatupa nini?"

Bosi akamnyooshea mlango kidole. Alisema atoke, akakae nyumbani mpaka aitwe, na kama hataitwa asishangae. Halafu akamgeukia daktari kwa tabasamu jipya.

Chapuchapu hakumkumbatia. Hadithi nyingine zingemkumbatisha. Alimpa mkono wa kumwinua kwenye lile shimo, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea, akasema kwa sauti ya chini, "Ningekuwa sikuiti Shangazi, leo ningekuzaba kibao." Halafu akapindua sofa, akapasua kile kitambaa cheusi kilichopigiliwa vizuri, akaanza kufunga upya huku machozi yanamdondokea kwenye kamba. Randa akapiga magoti upande wa pili, akamshikia taa ya simu. Daktari aliambiwa arudi Jumatatu.

Nyumbani binti yake hakuleta simu. Alisikia mlango, akaja akakaa karibu naye kwenye mkeka.

"Umefukuzwa?"

"Sijui. Niko katikati."

"Ulifanya nini?"

Akamwambia yote. Binti akasema, "Lakini ulisema mwenyewe."

"Nilisema nikiwa nimezama, mwanangu. Haihesabiki sana."

Alikaa nyumbani mpaka masofa yasiyofungwa yakajaa karakana hadi mlangoni, ndipo Bosi akamwita, kwa ujumbe usio na salamu. Alirudi akapita ukutani. Safu ya picha ilikuwa na uwazi mwishoni. Jumamosi mbili zilikuwa zimepita bila picha mpya, na aliyemweleza ni Randa, akikohoa katikati ya kila sentensi.

"Alimwita Chapuchapu akae, akasema ana jipu. Akaniita mimi, nikasema na mimi nina jipu. Washonaji wote, majipu. Karakana nzima haikai!"

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema tuna roho mbaya."

Chapuchapu hakumsalimia asubuhi ile. Mchana alimsukumia sindano ndefu bila kumtazama. Jioni Bi Springi aliona fundo moja limelegea kwenye kazi ya Chapuchapu, akasita, akajikuna shingo, halafu akasema, "Hiyo kamba unaibembeleza au unaifunga?" Fundo lilifumuliwa likafungwa upya, na kesho yake benchi la chakula lilikuwa na watu tena, wamebanana, wanagombania chumvi.

Jumamosi Bosi akaja na simu na fremu mpya, pana zaidi. Sofa ya wiki ilikuwa katikati ya sakafu.

"Nimewasamehe," akasema. "Tunaanza ukurasa mpya. Nani anakaa?"

Mashine zikaendelea kukoroma.

"Nimesema nani anakaa?"

Randa akapuliza vumbi kwenye randa yake. Chapuchapu akavuta uzi, akaukata kwa meno. Bosi akasubiri, na kadiri alivyosubiri ndivyo alivyozidi kuonekana kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Mwisho akaenda akakaa mwenyewe. Akaweka mguu juu ya mguu. Akatabasamu, simu juu, akajipiga picha.

Hakuna aliyeinua kichwa.

Usinidanganye kwamba hakuumia. Na yeye ni mjukuu wa wale wale. Alikaa pale katikati ya watu ambao hawamwangalii, tabasamu likaanza kumtoka upande mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu ile semina akauliza swali kwa sauti ya kawaida.

"Jamani. Mnataka nini?"

"Feni," akasema Bi Springi, akiwa sakafuni, sindano mdomoni.

"Feni," akasema Chapuchapu.

Randa alitaka kusema pia, kikohozi kikamwahi, akaonyesha ukuta kwa kidole.

Bosi akainuka. Springi zikalia kidogo chini yake, upande wa kushoto, na Bi Springi akageuza sikio.

"Na hicho kirudi," akasema.